Kiti cha Nyuma

Probox haikutengenezwa kwa ajili ya mazungumzo. Toyota ilipoitoa mwaka 2002 ilikuwa inamfikiria mtu wa kazi huko Japani: wa kusambaza vipuri, wa kupeleka maua, wa kuzunguka na sampuli za bidhaa kutoka duka hadi duka. Nyuma ni sanduku lililo wazi, zulia ni jepesi, na ile aina ya kubebea mizigo huvalishwa matairi magumu yenye herufi LT ubavuni, matairi yanayojali uzito kuliko masikio. Ikishafanya kazi yake huko miaka kadhaa inapanda meli, inashuka Mombasa, na sisi tunaipa kazi ambazo hakuna mhandisi aliyezichora. Huku Malindi inabeba mananasi, inabeba bibi harusi, inabeba abiria tisa na kuku wawili. Hailalamiki. Kwa hiyo ninapoandika kuhusu kelele, mjue siishtaki. Ilitumwa kubeba, nayo inabeba.

Ya kwetu inabeba familia. Mbele anakaa Baba akiendesha, na pembeni yake ami yangu, mdogo wake wa kumfuata. Nyuma anakaa Mama upande mmoja, Hawe upande wa pili, na mimi katikati, magoti yamenifika kifuani. Hawe ni bibi kwa Kigiriama. Ni mama yake Baba na ami. Anaishi Marafa, si mbali na Nyari, lile bonde la mchanga mwekundu na mweupe ambalo wageni huja kulipiga picha jua likizama. Mara moja kwa mwezi tunamtoa Marafa, tunavuka daraja la Sabaki, tunamfikisha Malindi kwenye kliniki ya presha, halafu tunamrudisha kwake.

Tumekaa hivyo miaka minne. Na katika miaka hiyo, karibu kila jambo lililomhusu Hawe liliamuliwa ndani ya gari hilo, yeye akiwepo, na bila yeye kusikia.

Watu wengi hudhani kelele ya ndani ya gari ni injini. Ukiwa mjini kwenye foleni, sawa. Lakini gari dogo likishapita kilomita 50 kwa saa na kutulia kwenye mwendo mmoja, sauti kubwa inatoka kwa matairi. Tairi linaigusa lami kwa eneo la kiganja cha mkono hivi. Katika kiganja hicho kila jino la mpira linaipiga lami kofi, linabanwa, kisha linabanduka. Hewa iliyonaswa kwenye mifereji inafinywa ikatoka, nyingine ikavutwa ndani, mamia ya mara kwa sekunde. Na ile hewa iliyofungwa ndani ya tairi lenyewe inavuma, kama mtungi unapoupuliza mdomoni.

Sauti hizo zinaingia kwa njia mbili. Ile nyembamba inapita hewani: kwenye mpira wa mlango uliochoka, kwenye kioo, kwenye kila kitundu. Ile nzito inapanda kwa chuma: kutoka kwa rimu hadi beringi, hadi springi, hadi bodi, mpaka sakafu inageuka ngoma na wewe umekaa juu ya ngoma.

Sasa hebu angalia nani amekaa wapi. Dereva ana injini mbele yake, lakini kati yake na injini kuna ukuta, na ukuta umevalishwa sponji. Abiria wa nyuma wa steshenwagoni ana magurudumu mawili karibu na mgongo wake, na katikati hakuna ukuta wowote. Bati lililo juu ya gurudumu limefunikwa kwa plastiki tu. Lile sanduku la mizigo nalo linavuma kama chumba ambacho hakijawekwa hata kiti kimoja.

Nilipima kwa programu ya simu. Simu si chombo cha maabara, lakini simu ileile, siku ileile, barabara ileile, inatosha kulinganisha. Kwenye lami, mwendo wa 80, mbele ilisoma desibeli 71 na nyuma 76. Tano zinaonekana kidogo, lakini desibeli hazihesabiwi kama kilo za unga: kila zikiongezeka 3, nishati ya sauti imekuwa mara mbili. Na mazungumzo ya kawaida, watu wakiwa wamekaa mita moja hivi, ni kama 60. Maana yake ni kwamba huko nyuma, ili usikike hata na uliyegusana naye bega, ulilazimika kupaza sauti.

Hapo ndipo kelele ya tairi inapokutana na heshima. Mama ni mkwe. Mkwe hampigii mama mkwe wake kelele, hata kama anamwambia "pole na safari." Mimi ni mtoto, nitampigiaje Baba kelele kutoka nyuma, na ami amekaa pale? Wanaume wawili wa mbele walizungumza kwa sauti ya kawaida, kwa sababu kule mbele sauti ya kawaida ilitosha. Sisi wa nyuma tulinyamaza kwa adabu. Mtu akituona kupitia kioo angesema, loo, familia iliyotulia.

Kwa Hawe hali ilikuwa mbaya zaidi. Masikio ya mzee huanza kupoteza sauti nyembamba, zile za juu. Na huko juu ndiko zinakokaa s, f, t, k, ch na sh. Irabu zina nguvu na ziko chini, kwa hiyo zinabaki. Sasa Kiswahili chetu, na Kigiriama vilevile, ni lugha za irabu. Chukua pata, paka, pasa, papa, pacha, pasha. Fifisha ile konsonanti ya katikati na yote yanakuwa neno moja: pa, halafu kitu fulani, halafu a. Mtu wa namna hiyo anasikia kwamba unasema. Anausikia wimbo wa sentensi, anajua hata kama umekasirika. Asichokipata ni neno. Nyumbani kwake, chini ya mwembe, anakuangalia mdomo na mambo yanakwenda. Kwenye gari anaona visogo viwili.

Basi Hawe akawa anafanya wanachofanya wazee wengi: anatabasamu na kuitikia kwa kichwa. Ami akigeuka na kuuliza, "Ama vipi, mama?" akaona kichwa kinashuka na kupanda, anairudia barabara. Kwake hiyo ilikuwa kura ya ndiyo.

Mtauliza, si angekaa mbele? Tulimwambia mara nyingi. Miguu yake inavimba, na nyuma anaweza kuinyoosha kidogo juu ya mkoba wake. Pia ana sababu yake mwenyewe. "Mbele nakiona kifo kinakuja," alisema. "Nyuma kitanikuta nimelala."

Jambo lililokuwa linaamuliwa halikuwa dogo. Mpango ulikuwa Hawe ahamie Malindi moja kwa moja. Chumba kingejengwa nyuma ya nyumba yetu, mbuzi wake wangeuzwa kulipia matofali, na shamba lake lenye mikorosho angeachiwa binamu alime. Baba hakuwa na nia mbaya, na sitaki asomwe hivyo. Hawe analala peke yake. Mara mbili dawa zilimwishia na hakumwambia mtu. Mwana gani hataogopa? Lakini mpango huo ulipikwa barabarani, safari baada ya safari. Mwezi mmoja walikubaliana bei ya mbuzi. Mwezi uliofuata walikubaliana lori la mchanga. Hawe aliitikia kwa kichwa mara zote mbili, na msingi ukachimbwa.

Mama ndiye aliyeniambia, usiku mmoja jikoni, akiwa anachagua mchele. "Yule mzee hajasikia hata neno moja." Nilimuuliza mbona hajamwambia Baba. Akaendelea kuchagua mchele. "Nimwambie mama yake ni kiziwi? Na ndugu yake anasikiliza?"

Nilikuwa nimeshaacha chuo, nawaandikia watu makala nikiwa nyumbani, kwa hiyo mwenye nafasi ya kuzunguka gereji ni mimi. Na kwa kuwa sikuweza kumwambia Baba anyamaze ili mama yake asikie, nikaona nianze na kile kinachoweza kunyamazishwa bila kuvunjiwa heshima: gari.

Fundi wa kwanza alinipa somo la bure. Kabla hujalaumu tairi, alisema, sikiliza beringi. Tafuta barabara tupu, liyumbishe gari taratibu kushoto na kulia. Mvumo ukipanda upande mmoja na kushuka upande mwingine, hiyo ni beringi, na hapo si suala la starehe tena, gurudumu linaweza kukuacha njiani. Mvumo usipojali unavyoyumba, lakini ukabadilika kila barabara inapobadilika, hilo ni tairi. Letu lilikuwa tairi.

Akaniambia nichutame nisome ubavu. Mwishoni mwa ule mstari unaoanza na DOT kuna tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 1914, kwa mfano, ni wiki ya 19 ya mwaka 2014. Ya kwetu ya nyuma yalikuwa yamepita miaka tisa. Mpira ukizeeka unakauka, unakuwa kama kandambili iliyoachwa juani, na tairi kavu linapiga lami kwa ukali zaidi. Kisha akasema nipitishe kiganja juu ya meno yake. Kwenda mbele, laini. Kurudi nyuma, msumeno. Hiyo inatokea magurudumu yakiwa hayajanyooshwa sawasawa na matairi hayabadilishwi nafasi. Kila ncha ya msumeno ni kofi moja zaidi kwenye lami. Na upepo? Kila tukisimama kujaza, kijana wa upepo alijaza mpaka gari likawa linaruka kama mpira, na sisi tukamshukuru. Kipimo chenyewe kimeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Sijui mtu anayekisoma.

Kununua matairi kulikuwa na elimu yake. Zamani tairi jipya la Mkenya liliweza kuwa limetengenezwa Nairobi, kwenye kile kiwanda cha Firestone kilichokuja kuwa cha Sameer Africa, wenye Yana. Uzalishaji ulisimama mwaka 2016. Siku hizi unachagua kati ya majina ya meli mbalimbali, na muuzaji atakuambia bei, saizi na "hii ni kali." Kelele hataitaja. Ulaya tangu mwaka 2012 tairi jipya linauzwa na lebo yenye desibeli zake, na tangu 2021 lebo hiyo ina daraja A, B na C za kelele. Nilifurahi kujua hivyo, mpaka nikasoma kinachopimwa. Ni kelele anayoisikia mtu aliyesimama kando ya barabara gari likipita. Aliyekaa kiti cha nyuma hajapimiwa.

Nilichagua matairi ya kawaida ya gari la abiria, yenye namba ya uzito inayotosha gari letu tukiwa watano. Hilo si la kuchezewa: ukitoa LT kwa gari linalobeba magunia, unaweza kununua ukimya na kupasukiwa njiani. Sisi hatubebi magunia. Malipo ya makala tatu yakaishia hapo.

Makala ya nne iliingia kwenye bati. Nilianza kwa ujinga wa kila mtu, yaani sponji ya godoro, na fundi akacheka. Sponji nyepesi haizuii sauti nzito, na sakafuni inanyonya maji ikanuka mpaka mvua nyingine. Kinachotuliza bati ni uzito unaong'ang'ania: kipande kinene cha mpira wa butili chenye gundi, kinachobandikwa katikati ya bati ili lisitetemeke. Gonga bati tupu, linalia kengele. Gonga lililobandikwa, linasema "du," basi. Huhitaji kufunika lote. Kuna ile karatasi ya lami yenye alumini ya kuzibia paa, ni rahisi na wengi wanaitumia, lakini kwa jua la Malindi inalainika na gari zima linanuka barabara mpya. Tulibandika sehemu nne tu: bati mbili za juu ya magurudumu ya nyuma, sakafu ya mizigo, na milango ya nyuma. Mipira ya milango tuliipima kwa noti ya mia: funga mlango juu ya noti, kisha ivute. Ikitoka bila kubishana, mpira umekufa. Miwili ilikuwa imekufa.

Nikapima tena. Mwendo wa 80, nyuma: 71. Yaani jasho lote lile limewapa wa nyuma kile ambacho wa mbele walikuwa nacho siku zote. Kisha nikajaribu mwendo wa 60 na simu ikasoma 67. Zile 4 za mwisho hazikugharimu hata shilingi. Kelele ya tairi inapanda haraka sana na mwendo, na inashuka vivyo hivyo.

Shida ni kwamba mguu wa kukanyaga mafuta si wangu. Namna gani utamwambia baba yako apunguze mwendo ili mama yake asikie anachosema juu yake? Nilimwambia jambo jingine, na lilikuwa kweli: tairi mpya halipendi mbio kilomita mia kadhaa za kwanza, juu yake kuna utelezi wa kiwandani ambao lazima uishe. Baba ni mtu anayeheshimu vitu vipya. Akasema, "Haya, tutakwenda pole."

Safari ile tulikuwa tunamleta Hawe kliniki. Tulikuwa tumeshaacha vumbi na kushika lami, daraja la Sabaki bado liko mbele. Ami akaanza kama kawaida. Alikuwa amepata mnunuzi, mtu wa Mambrui, wa kuwachukua mbuzi wote kwa pamoja. Akataja bei.

"Mbuzi wa nani?"

Sauti haikuwa kubwa. Ami hakugeuka mara moja. Nadhani hakuwa na mazoea ya sauti kutoka upande ule.

"Mbuzi wako, mama. Si tulikubaliana."

"Mlikubaliana na nani?"

Baba akawasha taa ya pembeni na kusimama. Akazima gari. Ukimya ulioingia ulikuwa wa ajabu, kulikuwa na ndege, na pikipiki moja ya mbali. Kwa mara ya kwanza mpango wote ulisemwa kwa mtu ambaye ulikuwa wake: chumba, matofali, shamba, dawa, usiku. Baba aliusema polepole, amegeuka kabisa, na sikuwahi kumwona mzee wangu akionekana mtoto namna ile.

Hawe alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akajibu kwa Kigiriama, jambo moja moja. Kama ni dawa, leteni dawa. Kama ni usiku, nipeni mtoto wa kulala naye. Lakini koma za baba yenu ziko pale, na mimi sitoki.

Ami akajaribu utani, ndiyo njia yake ya kutokea. Pale Marafa kuna masimulizi zaidi ya moja juu ya Nyari. Kuna la matajiri waliooga maziwa hadi Mungu akawazamisha. Na kuna la kijiji kilichoonywa kihame, wote wakahama isipokuwa bibi mmoja aliyekataa, na ardhi ikamomoka naye. "Mama," ami akasema, "unajua yaliyompata yule wa Nyari aliyekataa kuhama."

"Najua," Hawe akasema. "Na wale waliohama, nani anawataja leo?"

Mama alicheka. Alicheka kwa sauti, kwenye gari, mbele ya mume na shemeji na mama mkwe, na nikagundua kwamba sikuwa nakumbuka kumsikia akicheka humo ndani.

Ningependa kusema mambo yaliisha hapo, lakini wapi. Ami alinuna miezi miwili, na mara moja aliniambia kwamba gari lilikuwa zuri zaidi lilipokuwa na kelele zake. Kwa upande wake alikuwa na haki: kelele ilikuwa imewaokolea kazi ya kubishana. Msichana wa binamu yetu sasa analala kwa Hawe. Dawa nampelekea mimi, na nazihesabu. Masikio yake yamepimwa, na kifaa tunakichangia kidogo kidogo. Msingi wa chumba upo bado nyuma ya nyumba. Mama amepanda mchicha ndani yake. Na Baba bado anaogopa. Msimu wa mvua ndefu simu ilipiga saa nane usiku, yule msichana analia, Hawe haamki vizuri, na barabara imekatika kwa matope. Tulikaa sebuleni mpaka alfajiri bila mtu kumwangalia mwenzake. Asubuhi alikuwa ameketi, ameomba uji. Lakini sitasahau usoni mwa Baba usiku ule, na sitasema kwamba alikosea kutaka kumhamisha. Kusikilizwa ni jambo moja, kuwa salama ni jambo lingine. Hawe amechagua, na sote tunaubeba uchaguzi wake, tofauti na zamani ambapo yeye peke yake ndiye angeubeba wa kwetu.

Kuna hasara moja ndogo sikuitarajia. Zamani alikuwa anatusikia tukiwa mbali, kwa ule mvumo wa matairi. Anasema ulikuwa unafika kwa miguu kabla ya masikio, ardhi inatetemeka kidogo, naye anainjika chai. Sasa tunamkuta bila taarifa na chai haijawa tayari, na analalamika kwamba gari letu limekuwa na tabia za mwizi.

Kile kipande cha mwisho cha vumbi cha kufika kwake hakina dawa. Barabara imefanya mistari kama mabati, na ukiipita kila kitu kinalia, hata meno. Mwaka 2007 wanafizikia watatu, Taberlet, Morris na McElwaine, walichapisha jaribio rahisi: gurudumu moja likiviringika juu ya mchanga kwenye meza ya duara. Halikuhitaji springi wala injini kubwa. Likipita mwendo fulani mdogo tu, mchanga ulianza wenyewe kujipanga vituta, na kila mzunguko ulivikuza. Chini ya mwendo huo, mchanga ulibaki tambarare. Kwa hiyo kelele ile haikuletwa na serikali wala mvua peke yake. Imetengenezwa na kila mmoja wetu aliyepita akiwa na haraka, na anayekuja nyuma ndiye anayeisikia.

Hapo tumejiwekea sheria, ingawa hakuna aliyeitangaza. La kusemwa lisemwe kwenye lami, ama lingoje gari lizimwe. Mwezi uliopita ami alijisahau. Tulikuwa katikati ya mabati yale, gari linatetemeka, akaanza tena habari ya mnunuzi, safari hii wa korosho. Mama aliinama mbele akagonga mgongo wa kiti chake mara mbili kwa kidole, kama mtu anayebisha hodi.

"Shemeji," akasema, "subiri tufike."

Ami akasubiri.